Gervas Alivyosimama Mbele ya Sinema

Kaka yangu Gervas alivunjwa vidole saba kwa mchi wa kutwangia, mchana kweupe, nje ya ghala la karanga pale Newala, na mchi wenyewe ulikuwa wangu. Nalisema hili mwanzo kwa sababu siku hizi kuna vijana wanaosimulia kwamba aliteleza kwenye genge la bondeni akienda kuchota maji. Waongo wakubwa! Hayo ya genge ni maneno tuliyompa askari wa boma. Mimi nilikuwepo tangu mwanzo, mle ghalani nimekaa mkeka wa mbele, mwanangu Cecilia nimempakata. Anayetaka habari za Gervas akae azisikie kwa mwenye mchi.

Alinitangulia kuzaliwa kwa miaka minne. Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, na mkorofi tangu anatambaa. Kabla hajaingia jandoni alishamng'oa jino la mbele mtoto wa jirani, Nikolao, wakigombea panya wa kuchoma. Alimpiga kwa jiwe, hakumpiga kwa ngumi. Nikolao naye akamng'ata sikio mpaka likabaki na pengo. Baada ya hapo wakawa marafiki, hawaachani hata kwenda haja, na Nikolao huyo huyo mwenye mwanya wa jino ndiye aliyekuja kunioa mimi. Mambo ya wanaume nani ayajue.

Jandoni walichapwa wote wawili na Mzee Bwanali. Huyu ndiye alikuwa mkuu wa jando kwetu, mtu mwembamba, macho mekundu, mkono wake haukosi fimbo. Bwanali alikuwa hafundishi kitu bila kukitia mgongoni mwako. Gervas alirudi na makovu kama matuta ya muhogo, na alirudi pia na ngoma. Ngoma yake ilikuwa chinganga, ile ndogo yenye mguu uliochongoka, unaichomeka ardhini mbele yako. Alikuwa anaipasha ngozi kwenye moto wa majani makavu, anaigonga kwa kidole, anasikiliza, anaipasha tena. Akianza kuipiga, hata watu waliokuwa wanapigana wanaacha kwanza, wakacheze, wakimaliza ndio warudie ugomvi wao.

Ulimwengu aliujua kwa ngoma. Alitembea kwa miguu, Chiwata kwa Wayao, Lisekese, Nanganga barabarani, kila penye shughuli yumo. Mfunge kitambaa cha macho umpeleke popote Masasi hii, apigiwe ngoma ya hapo, atakwambia uko wapi na maji ya kisima chao yana chumvi au hayana. Basi ilipokuja sinema akaona amepata mwenzake wa safari. Kampuni moja ya sabuni, jina lake sina haja nalo, ilikuwa inaleta gari lenye injini na mashine, wanatundika shuka jeupe ghalani, wanaziba madirisha kwa magunia, giza, halafu wanatuonyesha sabuni. Baada ya sabuni wanatuonyesha nchi za watu. Meli, theluji, wanaume wa mahali sijui wapi wanakwangua vigitaa kwa kijiti kama wanasaga nyama. Gervas alikuwa halali siku tatu.

"Mama Cecilia," ananiambia, "sisi tunawajua hao. Hao mbona hawatujui?"

"Wakikujua watakufanyia nini, kaka? Watakuletea maji?"

Maana shida yangu ilikuwa maji. Newala tunakaa juu, maji yako bondeni, unashuka alfajiri na unapanda jua la utosi na mtungi kichwani. Theluji ya nini mimi?

Mwaka wa hamsini na tatu, mavuno yamekwisha, akaja mzungu mmoja mrefu na kamera yake. Tukamwita Bwana Sanduku. Alikuwa anatafuta mahali pazuri pa kupigia picha na watu wenye ngoma, na kila aliyemuuliza alimwonyesha Gervas. Wakaondoka pamoja, wiki sita. Debe zima la maji yangu alilimaliza kwa kuoshea vioo vyake tu, Mungu amsamehe, mimi bado.

Pale Masasi, chini ya majabali, Bwana Sanduku alisema ngoma tupu haitoshi, anataka vita. Akaomba vijana wa Chiwata na wa Lisekese wasimame pande mbili na marungu, wajifanye wanapigana. Wajifanye! Wale walikuwa na kisa cha mwanamke tangu mwaka juzi. Gervas akapiga ngoma, vijana wakasogeleana wakicheka, rungu la kwanza likagusa bega, la pili likagusa taya, na la tatu halikuwa mchezo tena. Waliumizana mpaka majani yakalowa. Kijana Halfani wa Lisekese alitobolewa jicho la kushoto, akawa anatembea kwa magoti analitafuta kwenye mchanga. Bwana Sanduku hakuacha kuzungusha mpini wa kamera yake hata kidogo. Gervas naye, alinieleza mwenyewe kwa aibu, hakuacha kupiga ngoma.

"Kwa nini hukuacha?" nilimuuliza.

"Mikono ilikataa."

"Mikono yako haina akili, basi."

Neno hilo najuta mpaka leo kwamba nililisema.

Sasa nikwambie habari ya lipiko, maana ndiyo kiini. Kwetu wavulana wakitoka jandoni, hutoka na lipiko. Ni mtu, amevaa kinyago cha mti kichwani na nguo mwili mzima, huoni hata ukucha. Mtu nasema leo nimezeeka. Zamani mwanamke akitamka kwamba mle ndani mna mtu, anapigwa mpaka anajinyea. Lipiko ni marehemu aliyefufuka, basi. Linakuja na ngoma, sisi wanawake tunapiga makelele, tunakimbia, tunaangushana.

Na tulijua! Siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi ninayemwosha Nikolao mgongo nisizijue nyayo zake? Nilikuwa namkimbia mume wangu uwanja mzima, nalia mama yangu weee, jioni nampakulia ugali, naye ananiuliza kwa uso mkavu, "Lipiko lilifika huku, Mama Cecilia?"

"Lilifika, Baba Cecilia. Nusura linimeze."

"Pole sana."

Ndivyo tulivyoishi, na tulipendana. Sharti lilikuwa moja tu: kujua tujue, kuonyeshwa tusionyeshwe. Mchezaji ambaye wanawake wamemwona anavaa kinyago, huyo hana pa kulala. Mjomba wangu mmoja alimwona wa hivyo asubuhi moja bondeni, kisimani kwetu, kichwa kimo ndani ya maji na miguu iko nje. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyelia kwa sauti.

Bwana Sanduku aliporudi Newala alimwambia Gervas kwamba anataka kupiga picha ya lipiko tangu linapovaa. Gervas alikataa. Mzungu akabembeleza wiki nzima. Mwishowe Gervas akamuuliza, "Hizi picha zinakwenda wapi?"

"Ulaya."

"Huko Ulaya kuna wanawake wa Newala?"

"Hakuna hata mmoja."

Basi kaka yangu akaona hakuna kosa. Hebu fikiri kwa akili ya mtu wetu wa wakati ule: karanga zinakwenda Ulaya, nta inakwenda Ulaya, watoto wa watu walikwenda vitani huko wakabaki huko. Kuna kitu gani kilichowahi kwenda Ulaya kikarudi Newala? Akamshawishi Nikolao. Asubuhi moja wenzao wakiwa hawajafika, ndani ya kibanda cha porini linapovalia lipiko, Nikolao alivaa kinyago pole pole mbele ya sanduku, na kabla hajakivaa akacheka. Mimi sikuambiwa. Ningeambiwa ningemvunja Gervas vidole mwenyewe, tena wakati ule vingepona.

Mwaka ukapita. Gari la sabuni likarudi, na Gervas ndiye mpiga mbiu wake, kama kawaida. Siku mbili alizunguka vijiji na ngoma shingoni. Kampuni ilitaka wanawake hasa, kwa kuwa anayefua ni mwanamke, kwa hiyo aliwaita wanawake hasa. "Njooni mama zangu! Mtauona ulimwengu wote mmekaa!" Mimi nilimbeba Cecilia, na mchi wangu begani, maana nilikuwa natoka kwa fundi aliyeuchonga upya.

Jumapili baada ya misa tukajaa ghalani. Wanawake tumekaa mbele mikekani, wanaume wamesimama nyuma, Mzee Bwanali amepewa kiti. Halfani wa Lisekese naye alikuwepo, na jicho lake moja. Mwendesha mashine alikuwa Mrisho, mtu wa pwani, mpole, anapenda kutafuna karanga. Injini ikanguruma nje. Sabuni ikapita. Mrisho akapiga kelele, "Sasa kaeni vizuri, leo mnajiona wenyewe!" Gervas alikuwa amesimama pembeni ya mlango. Nikamwona anageuza shingo.

Yakatokea majabali ya Masasi, ghala zima likashangilia, watu wakasimama wanayanyooshea vidole. Yakatokea marungu. Halfani akaona jicho lake linatobolewa mara ya pili, kubwa kama ungo, akatapika palepale alipokuwa. Kuna waliocheka. Halafu ikaja mikono ya kaka yangu juu ya chinganga, mikono mitupu, vidole kumi vinacheza, na sauti ya ngoma inatoka mashineni. Wanawake wakapiga vigelegele. Nami nilipiga, nilijisikia fahari, Mungu wangu, nilijisikia fahari sana.

Gervas akaanza kupiga kelele. "Zima! Mrisho, zima!" Aliijua asubuhi ile, mzungu alianza na mikono yake, ndipo akageukia kibanda. Alijua baada ya mikono ile panafuata nini. Mrisho alidhani anashangilia, akampungia mkono. Gervas akaja mbele anakanyaga watu, akamkanyaga mama mmoja tumboni, akamrusha mtoto wa mtu kando, na watu wanamtukana, "Ala! Mwendawazimu wewe!"

Kibanda kikatokea. Mlango wake ukafunguka. Nikolao akatokea.

Alikuwa mkubwa kuliko mlango. Alikuwa anacheka, na mwanya wa jino lake ungeweza kuingiza kichwa cha mtoto. Kinyago amekishika kifuani. Cecilia wangu, miaka mitatu, akanyoosha kidole, akafungua kinywa aseme "Baba". Nilimziba kinywa kwa kiganja nikambana mpaka akaning'ata. Bado nina alama. Nilihesabu pumzi zangu, tatu, nne, tano, na mume wangu bado anacheka pale juu mbele ya wanawake wa vijiji saba, anakiinua kinyago, anakivaa.

Ndipo Gervas alipofika. Akaruka akasimama mbele ya shuka, mikono ameitandaza, na picha yote ikamwangukia yeye.

Kilichofuata kilikuwa vita. Wanaume walikuja kutoka nyuma kwa viti na kwa miguu ya meza. Wakalichana shuka. Mashine ikapigwa chini, ikakanyagwa, utepe wake ukatapakaa kama matumbo ya mbuzi. Mrisho, masikini, alipasuliwa kichwa na hakujua kosa lake, alijikunja anasema, "Jamani, jamani, ni sabuni tu." Gervas alivutwa nje kwa miguu, uso unabururwa sakafuni. Sisi wanawake wakatupanga juani ukutani, Bwanali mbele yetu na fimbo yake. Nilimtafuta Nikolao nikamwona kati ya wanaume, wawili wamemshika mikono, ana rangi ya majivu. Nikajua: tukisema tumeona, kesho asubuhi nitamkuta kisimani.

Bwanali akaja kwangu kwanza, alijua anachofanya.

"Mama Cecilia. Umeona nini mle ndani?"

Nikasema, "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umeona nini?"

"Nimemwona kaka yangu Gervas."

"Na kabla yake?"

"Kabla yake niliona mikono ya Gervas. Halafu nikamwona Gervas kasimama. Sikuona kingine."

Akanipiga fimbo ya shingo. Nikasema vilevile. Akanipiga ya mdomo, nikatema damu, nikasema vilevile. Akaenda kwa aliyefuata, mama Severina wa Chiwata, wajina wangu maana nami ni Severina, ambaye tulikuwa hatusemezani kwa habari ya kuku. Naye akasema, "Nimemwona Gervas." Akapigwa. Wa tatu akasema, "Nimemwona Gervas." Yule aliyekanyagwa tumboni akasema, "Mimi nimemwona Gervas kuliko wote, Mzee, hapa tumbo limevimba." Sitini na kitu tulikuwa. Hatukupata nafasi ya kupatana, hatukukonyezana hata jicho. Kila mmoja aliona uso ule, na kila mmoja alisema Gervas, Gervas, Gervas, mpaka mkono wa Bwanali ukachoka.

Alijua tunadanganya. Alijua pia kwamba ndivyo tulivyotakiwa siku zote. Akasema, "Basi wanawake hawakuona kitu." Wale wawili wakamwachia Nikolao. Nilipumua, nikadhani yamekwisha. Mjinga mimi!

Bwanali aliuokota mchi wangu pale ukutani nilipouegemeza, akaenda kumpa Nikolao. Hakumwambia kwa nini. Wanawake tulikuwa tunasikia, asingeweza kusema. Alisema tu, "Mikono iliyoongoza sanduku." Wakaleta kinu, wakakipindua.

Nikolao aliushika mchi kama hajawahi kuona mchi. Akasema, "Mzee, huyu ni shemeji yangu." Bwanali akamtazama, halafu akatutazama sisi wanawake, halafu akamtazama tena. Nikolao akaelewa. Asipopiga, uso wake utatafutwa tena.

Hakuna aliyemshika Gervas. Uso wake hautazamiki, ametapakaa damu, lakini alitambaa mwenyewe mpaka kwenye kinu, akaweka mikono yote miwili juu ya kitako cha kinu, vidole ameviachanisha kama anavyoviachanisha juu ya chinganga. Akasema, "Piga, Baba Cecilia. Jino lako nakulipa."

Nikolao alipiga. Mara ya kwanza alipiga akilia, akagusa tu. Bwanali akasema, "Tena." Alipiga mara nne. Mlio wa mfupa nilikuwa naujua wa kuku. Wa ndugu yako ni mwingine, unausikia menoni. Mara ya nne Gervas alinyamaza, na Nikolao akaendelea kuinua mchi mpaka watu wakamnyang'anya.

Siku ya tatu askari akaja kutoka boma, akauliza, akaambiwa genge. Gervas mwenyewe alisema genge. Gari la sabuni halikurudi tena, na Bwana Sanduku hatukumsikia.

Aliishi miaka mingi, ndugu yangu. Vidole saba vilikakamaa ndani kama makucha ya kuku aliyekaushwa. Jembe alikuwa analifunga kwenye kifundo cha mkono kwa gome la mti. Kila mvua ya kwanza Nikolao alilima shamba la Gervas kabla hajagusa letu, kwa miaka yote hiyo, na hawakuzungumza neno juu ya siku ile. Walikaa, wakavuta tumbaku, Nikolao akimwashia. Jando lililofuata lipiko lilitoka, mimi nikakimbia na wenzangu, na mpiga ngoma mpya alikuwa anavurunda, na zile nyayo ninazozijua zikawa zinajikwaa. Basi Gervas akaanza kuiita ngoma kwa mdomo kutoka kwenye umati, ti-ti-ndi, ti-ti-ndi, mpaka nyayo zikakaa sawa. Nilikimbia huku nalia kweli, na watu wakasema Mama Cecilia mwoga.

Mimi je, nilimsamehe Nikolao? Niliutia mchi ule motoni siku ileile. Yeye nililala naye miaka thelathini na miwili. Kuna usiku nilimchukia mpaka nikatetemeka, na kuna asubuhi nilimshukuru Mungu kwamba anakoroma. Yote mawili ni kweli, chagua unalotaka.

Nikolao alikufa kwa homa, kitandani kwake. Baada ya arobaini Gervas alikuja kula kwangu. Nilikuwa namkatia tonge namtia kinywani, maana siku hizo hata kijiko kilimshinda. Akasukuma mkono wangu kando.

"Dada. Sasa amekufa, hayupo tena wa kuuawa. Bwanali naye kafa. Niambie kweli. Siku ile, niliwahi?"

Niliona ule mwanya wa jino. Niliona zile pumzi tano, na kinywa cha Cecilia chini ya kiganja changu. Vidole vya Gervas vilikuwa pale mezani, kando ya bakuli, vimejikunja.

"Uliwahi, kaka," nikamwambia. "Sikuona kitu. Nilikuona wewe tu."

Akatikisa kichwa, akacheka kidogo peke yake. Kisha akafungua kinywa nimpe tonge.